Vifaranga Wanaopinda Shingo: Chakula Kilichochacha na Mishipa ya Damu ya Kuku



Mwezi wa Mei mwaka jana, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika huku Uru, nilipoteza vifaranga 17 katika muda wa wiki moja. Nilikuwa nimenunua 40. Walikuja wazima, wakala, wakanywa, manyoya ya mabawa yakaanza kutoka. Siku ya 18 asubuhi nilikuta watatu wameanguka chali. Kichwa kimerudi nyuma mpaka kisogo kinagusa mgongo, miguu inapiga hewa kama mtu anayeendesha baiskeli. Ukimsimamisha mmoja anapepesuka hatua mbili, anaanguka tena.

Bibi mmoja jirani yangu, ambaye ni mwanakisomo wa darasa langu, alichungulia bandani akacheka kidogo. "Mwalimu, umewanywesha mbege hawa?" Kesho yake walioanguka walikuwa tisa, wala hakucheka tena.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mdondo, ule ambao wengine wanauita kideri. Kila mfugaji anajua kwamba mdondo hupinda shingo. Lakini vifaranga hawa walikuwa wamepata chanjo ya matone ya macho, tena kuku wa majirani wote walikuwa wazima, wanachakura tu kwenye migomba. Nikamwita bwana mifugo.

Alipofika hakwenda kwanza kwa vifaranga. Aliomba kuona gunia la chakula. Akatia mkono mpaka chini, akatoa konzi moja, akanusa, kisha akanipa nami ninuse. Harufu yake ilikuwa kama rangi ya mafuta ya kupakia milango. "Mwalimu, hiki ni chakula cha lini?" Sikuweza kujibu vizuri. Nilikinunua mjini mwezi wa Februari, magunia mawili kwa pamoja, kwa kuwa bei ilikuwa imeshushwa. Kilikuwa mchanganyiko wa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Gunia halikuwa na tarehe, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watu kusoma na kuandika, sikuandika tarehe yoyote.

Akampasua kifaranga mmoja aliyekufa. Chini ya kisogo kuna ubongo mdogo wa nyuma, ule unaomsaidia mnyama kusimama sawasawa bila kuyumba. Pale palikuwa pamevimba, pana madoadoa mekundu ya damu. "Hawa hawana mdondo," alisema. "Hawa wamekula chakula kilichochacha. Mishipa yao midogo ya damu imeharibika."

Nilishangaa. Chakula kilichochacha kinaingiaje katika mishipa ya damu? Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, na ndiyo sababu ya makala hii.

KUTU YA CHAKULA

Tuanze na mambo tunayoyaona nyumbani. Ukilikata parachichi ukaliacha mezani, baada ya muda mfupi linakuwa jeusi. Panga likiachwa nje linashika kutu. Unga wa dona ukikaa wiki kadhaa unakuwa mchungu, lakini sembe inakaa muda mrefu zaidi. Mambo haya matatu yana mhalifu mmoja, nao ni oksijeni, sehemu ile ya hewa ambayo bila hiyo hatuwezi kuishi hata dakika chache.

Kwa nini dona iwahi kuharibika kuliko sembe? Kwa sababu punje ya mahindi ina kiini, na mafuta ya punje yamo humo. Punje ikiwa nzima kiini kimefunikwa. Ukiisaga, mafuta yanakutana na hewa. Sembe imeondolewa kiini, kwa hiyo haina mafuta mengi ya kuchacha. Je, kiini kilichoondolewa kinakwenda wapi? Kinakwenda kwenye pumba, nazo pumba ndizo tunazompa kuku. Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamua nayo yanabaki na mafuta mengi. Dagaa ndio zaidi, maana mafuta ya samaki huharibika upesi kuliko karibu mafuta yote.

Mafuta haya yakianza kuharibika hayaharibiki moja moja kwa zamu. Ni kama moto wa nyasi kavu: jani moja linaliwashia jirani yake. Waliouona moto wa mlimani wa Oktoba 2020 wanajua. Vipande vikorofi vinavyopeleka moto huo kutoka chembe moja ya mafuta hadi nyingine wataalamu wanaviita radikali huru. Na vitu vinavyouzima wanaviita antioksidanti. Mimi nitaviita walinzi. Ukilikamulia parachichi limau, haliwahi kuwa jeusi, kwa kuwa ndani ya limau mna vitamini C na ukali wake, na hao ni walinzi.

Mwili wa kuku, kama wetu, umejengwa kwa seli, na kila seli ina ngozi nyembamba iliyotengenezwa kwa mafuta. Kwa hiyo moto ule ule wa gunia la pumba unaweza kuwaka ndani ya mwili. Mlinzi mkuu wa ngozi hiyo ni vitamini E. Yeye hukaa ndani ya mafuta yenyewe, na kipande kikorofi kikija hukubali kuungua yeye ili moto usivuke, kama ile njia ya kuzuia moto inayofyekwa msituni. Nyuma yake yuko mlinzi wa pili, kimeng'enya kinachosafisha mabaki ya moto kabla hayajawaka upya. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila madini ya seleniamu. Wapo na wengine wanaohitaji shaba na zinki.

NDEGE NA JOTO LAKE

Sasa mtazame kuku. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, joto ambalo mtu akilifikia anakimbizwa hospitali. Moyo wake hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Sukari katika damu yake ni karibu mara mbili ya yetu. Kwa hesabu ya kawaida, mnyama wa namna hii angechakaa upesi sana. Lakini sivyo. Panya hupata miaka mitatu au minne, na njiwa wa kufugwa, ambaye uzito wake haupishani sana na wa panya mkubwa, ameshafika zaidi ya miaka 30.

Wataalamu wameona kwamba tanuri za ndani ya seli za ndege hutoa cheche chache. Pia damu yake ina asidi ya yuriki kwa wingi, na hiyo ni mlinzi. (Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ndiyo asidi ya yuriki inayotolewa nje.) Vitamini C kuku anajitengenezea mwenyewe katika figo. Lakini vitamini E hawezi kuitengeneza hata kidogo. Lazima aile.

Kifaranga anapototolewa anakuja na mtaji kutoka kwa mama yake: vitamini E iliyokuwa katika kiini cha yai. Mtaji huu unapungua haraka katika wiki mbili za kwanza. Kama chakula hakiuongezi, kwenye wiki ya tatu hivi mfuko uko mtupu. Kumbuka wangu walianguka siku ya 18.

Na chakula kilichochacha kina makosa mawili. Kwanza, vitamini E iliyokuwamo imekwisha kuungua humo humo gunia likiwa ghalani. Pili, kinamletea kifaranga moto wenyewe tumboni. Ni sawa na kumnyang'anya mtu ndoo ya maji kisha ukamwashia nyumba.

Basi kwa nini mishipa ya damu ndiyo inayoumia? Mishipa midogo kabisa, ile myembamba kuliko unywele, ukuta wake ni seli moja tu. Ukuta ukidhurika, damu inaganda ndani au maji ya damu yanavuja nje. Ikitokea katika ubongo wa nyuma, kifaranga anapinda shingo na kuanguka. Ikitokea chini ya ngozi, utaona uvimbe wa maji ya rangi ya kijani na bluu kifuani na tumboni. Ugonjwa wa ubongo ulielezwa na Pappenheimer na Goettsch huko Marekani mwaka 1931. Ule wa uvimbe ulielezwa Denmark mwaka 1938 na Henrik Dam na mwenzake Glavind. Huyu Dam ndiye aliyegundua pia vitamini K kwa kuwachunguza vifaranga waliokuwa wakivuja damu, akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Mwaka 1957 ikajulikana kwamba seleniamu kidogo sana inazuia uvimbe ule, hata vitamini E ikiwa pungufu. Sababu yake ilipatikana mwaka 1973, pale kimeng'enya nilichokitaja kilipoonekana kuwa na seleniamu ndani yake.

Ndugu msomaji, unaweza kusema: mbona bibi yangu alifuga kuku miaka 50 na hakuona jambo hili? Ni kweli. Kuku wa bibi alikuwa huru katika kihamba. Alichakura chini ya kahawa na migomba, akala majani mabichi, wadudu na minyoo. Chakula chake hakikupata nafasi ya kuchacha. Kuku aliyefungiwa bandani hana chake isipokuwa kile kilicho ndani ya gunia, na gunia likiwa baya hana pa kukimbilia.

KUKU MKUBWA NA MISHIPA MIKUBWA

Mpaka hapa tumesema juu ya mishipa midogo. Watu wengi huniuliza juu ya mishipa mikubwa, ile inayoziba kwa mafuta na kuleta ugonjwa wa moyo kwa watu. Je, ndege naye huupata? Huupata, ila kwa kawaida sisi hatuuoni, kwa sababu jogoo wa Uru hafiki uzee. Watoto wanarudi Desemba, naye anakwenda sufuriani.

Mwaka 1942 huko Chicago, Dauber na Katz waliwalisha kuku chakula kilichotiwa lehemu, ambayo pia huitwa kolesteroli, na mishipa yao mikubwa ikajaa mafuta. Kabla yao, mwaka 1913, Anitschkow wa Urusi alikuwa amefanya hivyo kwa sungura. Lakini wengine walisema sungura ni mla majani, si haki kumlisha mafuta. Kuku anakula kila kitu kama sisi, kwa hiyo ushahidi wake ulikuwa na uzito. Siku hizi inaelezwa kwamba lehemu inayoingia katika ukuta wa mshipa nayo hushika ile kutu ya oksijeni. Askari weupe wa damu huimeza wakidhani ni adui, wanavimba kama povu, wanafia humo humo, na lundo lao ndilo linaloziba njia.

Kwa ndege wa kufugwa, anayejulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo na Uganda. Porini anaruka mwendo mrefu. Akifungwa katika tundu miaka 20, akalishwa mbegu za alizeti na karanga tu, mishipa yake inakakamaa, na siku moja anaanguka kutoka kwenye kijiti chake. Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016, na mimi sisikitiki.

Jambo moja lilinishangaza zaidi. Mwaka 1978 Fabricant na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba kuku walioambukizwa kirusi cha ugonjwa wa Marek walipata mafuta katika mishipa mikubwa, hata wale waliokula chakula cha kawaida. Wasioambukizwa hawakupata. Kwa hiyo si chakula peke yake kinachoharibu mishipa. Chanjo ya Marek hutolewa kifaranga akiwa na siku moja, kwa sindano. Ukinunua vifaranga, uliza kama wamechanjwa.

Nasi wa milimani tuna letu. Moshi mjini si juu sana, lakini vijiji vya juu vya Uru vinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ina oksijeni chache. Kuku wa nyama, yule anayekua haraka, anahitaji oksijeni nyingi kuliko mapafu yake yanavyoweza kutoa. Moyo unasukuma damu kwa nguvu kwenda mapafuni, mshipa wa kwenda mapafuni unapata presha, upande wa kulia wa moyo unatanuka, na maji yanajaa tumboni. Ukimshika tumbo ni kama mfuko wa maji. Baridi ya Juni na Julai inazidisha, kwa kuwa kuku anayetetemeka anatumia oksijeni zaidi. Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa kila tundu nalo linazidisha, maana moshi wake unakula nafasi ya oksijeni katika damu. Watu hudhani maji yale yanatoka kwenye chombo cha kunywea, wakawanyima kuku maji. Hapana. Hapo dawa ni hewa safi, joto la kutosha, na kutowalisha kwa pupa katika wiki za mwanzo ili wasikue kupita uwezo wa moyo.

Wa mayai naye akifungiwa na kushindiliwa mahindi matupu hunenepa ini. Ini linakuwa la njano, laini kama siagi, na siku ya joto linapasuka. Unamkuta amekufa, kilemba kimepauka, tumbo lina bonge la damu.

ALIYOTUAMBIA BWANA MIFUGO

Siku ile tulikusanyika majirani saba hivi, kina mama wengi. Jambo la kwanza alilolisisitiza ni hili: usimwone kifaranga amepinda shingo ukasema basi, ni chakula. Mdondo unashika wakubwa kwa wadogo, unaleta kuhara kijani na kukoroma, unavuka ua kwenda kwa jirani, na unaua wengi kwa siku chache. Ugonjwa wa chakula unashika vifaranga wa wiki mbili hadi nne hivi, wanaokula gunia moja, wala hauambukizi. Kama huna hakika, uchukulie kuwa mdondo: usiuze, usipeleke sokoni, mwite mtaalamu. Chanjo ya matone irudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu chakula alisema tununue kinachokwisha ndani ya wiki tatu au nne. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu penye kivuli, si chini ya bati linalochomwa na jua. Chakula chenye ukungu ni hatari nyingine, kina sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Dagaa wanunuliwe wakavu, wasiwe na rangi ya njano-kahawia wala harufu kali. Na kila siku vifaranga wapewe majani mabichi yaliyokatwakatwa: mchicha, majani ya maboga, majani ya viazi vitamu. Majani hayo yana vitamini E, na ile rangi yake ndiyo inayofanya kiini cha yai kiwe cha njano iliyokolea.

Kifaranga wa kawaida anahitaji kama yuniti 10 za vitamini E katika kilo ya chakula, na seleniamu milligramu 0.15 tu. Kidogo hivyo. Lakini seleniamu usiicheze. Ikifika milligramu 5 kwa kilo inageuka sumu, mayai hayaanguliki vizuri. Ichanganywe na kiwanda, si na sisi kwa kijiko.

Mama mmoja aliuliza kama anaweza kununua vidonge vya vitamini E kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, maana mjini vinatangazwa. Bwana mifugo alisema yeye ni wa kuku. Nami niliposoma baadaye nilikuta kwamba utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2000, wenye watu zaidi ya 9,000, uliona vidonge hivyo havikuzuia magonjwa ya moyo. Na mwaka 1994 huko Finland wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, mlinzi mwingine, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Mchicha haujamdhuru mtu namna hiyo.

Wale vifaranga? Tulibadilisha chakula siku ile ile, tukatia dawa ya vitamini katika maji. Waliokwisha kupinda karibu wote walikufa, kwa sababu ubongo ulioharibika haurudi. Wale waliokuwa bado wanasimama walipona. Walibaki 23.

Bibi jirani yangu aliuliza juu ya gunia la pili. "Mwalimu, basi nipe nikawape nguruwe." Bwana mifugo akakataa, akasema watoto wa nguruwe nao wakikosa vitamini E na seleniamu wanaumia moyo na kufa ghafla. Tukalimwaga kwenye shimo la mboji, likaenda kwenye migomba.

Sasa kila gunia linaloingia kwangu lina tarehe niliyoiandika kwa kalamu nene, na kwake vilevile. Juzi nilipita bandani kwake nikaona ameandika "Tar. 6", halafu akakata, akaandika "Tar. 9". Nilimwuliza kwa nini. Akasema alinunua tarehe 9, lakini muuzaji alimwambia andika 6 ili zilingane na za mwenzake. Akarudi nyumbani akafikiri, akasahihisha.